Kulinganisha Kodi na Uchumi wa Nchi Mbalimbali: Namna ya Kusoma Takwimu Bila Kupotoshwa

Kila mwezi Juni, Bajeti za nchi za Afrika Mashariki zinaposomwa bungeni, masikio yetu hujaa tarakimu. Tunaambiwa kwamba nchi fulani inakusanya kodi nyingi kuliko yetu, kwamba nyingine imekua kwa kasi zaidi, na kwamba wananchi wa mahali fulani hawalipi kodi ya mapato kabisa. Baada ya siku chache tarakimu hizo hizo huhamia sokoni. Muuzaji huzitumia kueleza kwa nini bei imepanda, wakala wa ajira huzitumia kumshawishi kijana asafiri, na mtangazaji wa mpango wa uwekezaji huzitumia kuonyesha kwamba fedha zako zitakuwa salama zaidi ng'ambo.

Takwimu zenyewe aghalabu huwa sahihi. Kosa hutokea pale zinapolinganishwa. Mtu akilinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja, anaweza kusema ukweli mtupu na bado akampotosha anayemsikiliza. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuzisoma takwimu za kodi na za uchumi zinapowekwa bega kwa bega, ili mtumiaji wa bidhaa na huduma aweze kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kutoa fedha zake.

1. Kiasi kikubwa si lazima kiwe mzigo mkubwa

Tuchukue mfano wa kubuni wa nchi mbili zinazotumia fedha moja. Nchi ya kwanza inakusanya kodi ya shilingi trilioni 30 kwa mwaka. Nchi ya pili inakusanya shilingi trilioni 9. Anayetazama kiasi peke yake atasema kwamba wananchi wa nchi ya kwanza wanabeba mzigo mzito zaidi.

Sasa tuongeze maelezo. Thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa katika nchi ya kwanza kwa mwaka mmoja, yaani Pato la Taifa, ni shilingi trilioni 250. Ya nchi ya pili ni trilioni 50. Tukigawa kodi kwa Pato la Taifa, nchi ya kwanza inachukua asilimia 12 na nchi ya pili asilimia 18. Jibu limegeuka. Tukiongeza idadi ya watu, yaani milioni 60 katika nchi ya kwanza na milioni 6 katika nchi ya pili, tunapata wastani wa shilingi 500,000 kwa kila mtu kule na shilingi 1,500,000 huku.

Hesabu ya pili, yaani kodi kugawanywa kwa Pato la Taifa, ndiyo inayoitwa uwiano wa kodi kwa Pato la Taifa, na ndiyo inayotumika sana kulinganisha nchi. Katika Itifaki ya Umoja wa Fedha iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka uwiano wa asilimia 25 kuwa mojawapo ya shabaha zao. Kwa hiyo uwiano huu haubaki vitabuni tu: serikali zinapojadili kodi mpya, mara nyingi huutaja kama sababu. Mwananchi anayeuelewa anaweza kushiriki mjadala huo akijua kinachosemwa.

2. Ni kodi zipi zimehesabiwa, na za ngazi ipi ya serikali?

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika. Katika jedwali la Benki ya Dunia linaloonyesha mapato ya kodi ya serikali kuu, Ujerumani huonekana ikikusanya takriban asilimia 11 ya Pato lake la Taifa. Katika machapisho ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), Ujerumani hiyo hiyo huonyeshwa ikikusanya zaidi ya asilimia 38. Mtu akichukua tarakimu ya kwanza na kuilinganisha na wastani wa takriban asilimia 16 unaotolewa na OECD kwa nchi za Afrika zinazofuatiliwa, atatangaza kwamba Mjerumani analipa kodi kidogo kuliko Mwafrika. Hilo si kweli, ingawa hakuna tarakimu hata moja iliyobuniwa.

Tofauti inatokana na mambo mawili. Kwanza, Ujerumani ni shirikisho, na sehemu kubwa ya kodi zake huenda kwenye majimbo na miji, ilhali jedwali la Benki ya Dunia linatazama serikali kuu. Pili, wafanyakazi na waajiri wa huko hutoa michango mikubwa ya lazima ya hifadhi ya jamii, yaani pensheni, bima ya afya na mengineyo. OECD huihesabu michango hiyo pamoja na kodi, ilhali jedwali la Benki ya Dunia huiacha nje kwa sehemu kubwa. Denmaki, kwa upande wake, hugharimia huduma nyingi za aina hiyo kwa kodi ya mapato ya kawaida, hivyo haina michango mingi ya kuhesabiwa au kuachwa. Nchi mbili zinaweza kuwahudumia wazee wao kwa kiwango kinachokaribiana, lakini moja ikaonekana ya kodi kubwa na nyingine ya kodi ndogo kwa sababu ya jina la mfuko tu.

Majina yanatudanganya hata hapa nyumbani. Malipo yanaweza kuitwa tozo, ada, mchango au ushuru. Kwa vipimo vya kimataifa, kinachotazamwa ni kama malipo ni ya lazima, kama yanakwenda serikalini, na kama mlipaji hapati huduma mahsusi inayolingana na alicholipa. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021 haikuitwa kodi, lakini aliyetuma fedha kwa mzazi wake kijijini aliihisi kama kodi nyingine yoyote. Ada ya kupata leseni ya udereva ni jambo tofauti, kwa kuwa mlipaji hupewa leseni.

Msomaji wa takwimu zetu aangalie pia eneo linalozungumzwa. Majedwali mengine ni ya Tanzania Bara, mengine ya Zanzibar, na mengine ya Jamhuri ya Muungano. Kodi za Muungano hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania pande zote mbili, na Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato kwa kodi zisizo za Muungano. Kuchukua makusanyo ya eneo moja na kuyagawa kwa Pato la eneo jingine ni sawa na kupima unga wa mtu mmoja kwa kibaba cha mwingine.

3. Pato la Taifa linapohesabiwa upya

Uchumi hubadilika haraka kuliko vitabu vya hesabu. Kwa hiyo ofisi za takwimu hubadilisha mwaka wa kizio mara kwa mara, yaani mwaka ambao muundo wake wa uchumi na bei zake hutumika kama msingi wa hesabu. Katika mabadiliko hayo, shughuli zilizokuwa hazionekani vizuri huingizwa.

Nigeria ilitangaza mabadiliko ya namna hiyo Aprili 2014, ikihama kutoka mwaka wa kizio 1990 kwenda 2010. Simu za mkononi na tasnia ya filamu, ambazo hazikuwa na uzito mwaka 1990, sasa zilihesabiwa ipasavyo. Pato la Taifa la mwaka 2013 lilipanda kwa asilimia 89 na kufikia takriban dola bilioni 510 za Marekani, na Nigeria ikaipita Afrika Kusini. Kenya ilifanya vivyo hivyo Septemba mwaka huo huo, ikihama kutoka 2001 kwenda 2009. Pato lake la mwaka 2013 lilipanda kwa takriban asilimia 25, na nchi ikavuka mstari wa kipato cha kati. Tanzania nayo ilihamia mwaka wa kizio 2015, na matokeo yalitangazwa mwaka 2019.

Hakuna aliyeamka tajiri siku iliyofuata tangazo. Maduka yalikuwa yale yale, na mishahara ile ile. Uwiano wa kodi, hata hivyo, ulishuka. Tuseme nchi ilikuwa ikikusanya kodi ya 12 katika kila 100 ya Pato. Pato likihesabiwa upya na kuwa 125, uwiano unakuwa 12 kugawa kwa 125, yaani asilimia 9.6. Makusanyo hayakupungua hata shilingi moja. Basi ukisikia kwamba uwiano wa nchi fulani umeporomoka na kwamba wananchi wake wamekuwa wakwepa kodi, uliza kwanza kama Pato la Taifa lilihesabiwa upya katikati ya miaka inayolinganishwa.

4. Pato kubwa ambalo halifiki mezani

Mwezi Julai 2016 ofisi ya takwimu ya Ireland ilitangaza kwamba uchumi wa nchi hiyo ulikua kwa asilimia 26 katika mwaka 2015. Kampuni kubwa za kimataifa zilikuwa zimehamishia huko hakimiliki na mali nyingine zisizoshikika, na faida zake zikaanza kuhesabiwa kuwa uzalishaji wa Ireland. Sehemu kubwa ya faida hiyo ni ya wenye hisa walio nje. Ofisi hiyo baadaye ilianza kutoa kipimo kingine cha mapato ya taifa, kinachoondoa sehemu ya athari hizo, ili wananchi waone uchumi wao ulivyo hasa.

Funzo letu ni kwamba Pato la Taifa hupima kinachozalishwa ndani ya mipaka, bila kujali nani anayekimiliki. Nchi yenye migodi mikubwa ya wageni inaweza kuwa na Pato kubwa na kaya maskini. Kwa sababu hiyo Benki ya Dunia, inapozipanga nchi katika madaraja, hutumia mapato ya taifa kwa kila mtu, ambayo huzingatia fedha zinazotoka nje na zinazokwenda nje. Tanzania ilipopandishwa Julai 2020, mstari wa kuingia kipato cha kati cha chini ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka. Huo nao ni wastani: haumwambii mtu yeyote kiasi kilichomo katika mfuko wake.

5. Kiwango cha kodi na bei unayolipa dukani

Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi tunaiita VAT, ni asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, na asilimia 16 nchini Kenya. Wapo wauzaji wanaosema kwamba bidhaa zao ni ghali kwa sababu VAT yetu ni kubwa kuliko ya jirani. Tuipime hoja hiyo kwa hesabu.

Bidhaa ya shilingi 100,000 kabla ya kodi itauzwa shilingi 118,000 kwa kiwango cha asilimia 18, na shilingi 116,000 kwa kiwango cha asilimia 16. Tofauti ni shilingi 2,000. Ikiwa bidhaa ile ile inauzwa hapa kwa shilingi 30,000 zaidi ya bei ya ng'ambo ya mpaka, VAT haiwezi kueleza pengo lote hilo. Zitafutwe sababu nyingine: usafirishaji, faida ya muuzaji, ushuru wa bidhaa au ushuru wa forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa forodha wenye viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, ingawa nchi huruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa kadhaa kwa muda maalumu.

Tahadhari moja zaidi. Bei ikiwa tayari ina VAT, usiizidishe kwa asilimia 18 ili kujua kodi iliyomo. Katika shilingi 118,000, kodi ni shilingi 18,000. Anayezidisha 118,000 kwa asilimia 18 atapata 21,240, na atakuwa amekosea. Njia sahihi ni kuzidisha bei kwa 18 kisha kugawa kwa 118.

Kiwango pia si uwiano. Nchi inaweza kuwa na VAT ya asilimia 18 na bado ikakusanya kidogo, kwa sababu vyakula vingi visivyosindikwa vimesamehewa, wafanyabiashara wengi wadogo hawajasajiliwa, na baadhi ya wauzaji hawatoi risiti. Katika hali hiyo aliye ndani ya mfumo hulipa kikamilifu, na wastani wa taifa hubaki mdogo. Asemaye kwamba uwiano wetu ni mdogo, hivyo kila mmoja wetu analipa kidogo, amekosea. Mfanyakazi anayekatwa kodi kwenye mshahara hayumo katika hali moja na asiyekatwa chochote.

6. "Huko hakuna kodi": ahadi za kazi za ng'ambo

Vijana wengi wa Tanzania na Kenya hutafuta kazi katika nchi za Ghuba. Mojawapo ya maneno yanayowavuta ni kwamba huko hakuna kodi ya mapato. Kwa Oman, ni kweli kwamba mpaka sasa mshahara wa mtu hautozwi kodi hiyo. Sheria iliyotolewa mwaka 2025 inaianzisha kuanzia Januari 2028, kwa asilimia 5, na kwa wenye mapato ya zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka peke yao. Lakini Oman ina VAT ya asilimia 5 tangu Aprili 2021, na Saudia iliipandisha ya kwake kutoka asilimia 5 hadi 15 Julai 2020. Serikali za huko hazitegemei sana kodi za wananchi kwa sababu zina mapato ya mafuta na gesi, ambayo sehemu yake kubwa katika takwimu huwekwa katika mapato yasiyo ya kodi.

Jambo zito zaidi ni namna mshahara unavyolinganishwa. Wakala hubadilisha rial kuwa shilingi kwa kiwango cha benki, na tarakimu huonekana kubwa. Kiwango cha benki, hata hivyo, hakionyeshi bei za huko. Ndiyo maana upo Mpango wa Ulinganisho wa Kimataifa, unaoratibiwa na Benki ya Dunia, ambao hukusanya bei za bidhaa zinazofanana katika nchi nyingi na kukokotoa uwezo wa fedha kununua. Matokeo ya mzunguko wake wa mwaka 2021 yalitolewa Mei 2024.

Tutoe mfano wa kubuni. Dada mmoja anapata shilingi 400,000 kwa mwezi nyumbani na anatumia 250,000 kwa pango, chakula na nauli. Anabakiwa na 150,000. Anaahidiwa kazi ya dukani ng'ambo yenye mshahara sawa na shilingi 900,000, lakini pango, chakula na nauli huko ni 650,000. Anabakiwa na 250,000. Ikiwa kila mwezi analipa deni la tiketi na wakala la shilingi 120,000, mkononi zinabaki 130,000, pungufu ya alizokuwa nazo kabla ya kuondoka. Deni likiisha, au mwajiri akimpa malazi na chakula, hesabu hubadilika kwa faida yake. Fedha atakazotumia huko zipimwe kwa bei za huko. Zile tu atakazotuma nyumbani ndizo zipimwe kwa kiwango cha benki. Mtafuta kazi adai kuona mkataba unaotaja ni nani anayelipia malazi, chakula, matibabu na nauli ya kurudi.

7. Mwaka upi, na bei za mwaka upi?

Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda huhesabu mwaka wa fedha kuanzia Julai 1 hadi Juni 30. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia mwaka wa kalenda. "Mwaka 2023" katika jedwali unaweza kuwa na maana mbili.

Vilevile, makusanyo yaliyoongezeka kwa asilimia 10 wakati bei zimepanda kwa asilimia 9 yameongezeka kwa kiasi kidogo mno. Na mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 9 hadi 4, bei hazijashuka: zinaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole.

Maswali sita ya kujiuliza

1. Je, tunalinganisha kiasi, uwiano au wastani kwa mtu?
2. Je, michango ya hifadhi ya jamii na kodi za majimbo au halmashauri zimo?
3. Je, takwimu ni za eneo moja na mwaka mmoja?
4. Je, Pato la Taifa lilihesabiwa upya hivi karibuni?
5. Je, fedha zimebadilishwa kwa kiwango cha benki au kwa uwezo wake wa kununua?
6. Je, anayenionyesha takwimu hizi ananiuzia nini?

Jipime

(a) Jokofu linauzwa shilingi 590,000, VAT ya asilimia 18 ikiwemo. Kodi ni kiasi gani?

(b) Nchi imeongeza makusanyo kutoka shilingi trilioni 20 hadi 22. Pato la Taifa kwa bei za miaka husika limepanda kutoka trilioni 160 hadi 180. Je, uwiano umepanda?

Majibu: (a) 590,000 mara 18, gawa kwa 118, ni shilingi 90,000. (b) Hapana. Umeshuka kutoka asilimia 12.5 hadi takriban 12.2, ingawa makusanyo yameongezeka. Kiongozi anayesema kodi imeongezeka na mpinzani anayesema uwiano umeshuka wote wanasema kweli. Mwananchi aliyefanya hesabu ndiye atakayejua kwamba hawajibu swali moja.

Tunamshauri kila mtumiaji adai risiti yenye mchanganuo wa kodi kila anunuapo, aombe chanzo na mwaka wa takwimu yoyote anayoonyeshwa kabla ya kusaini mkataba, na asione haya kusema, "Nipe muda nikapige hesabu." Mfanyabiashara mwaminifu atakupa muda huo. Anayekuharakisha ukiwa umeshika kalamu ya hesabu, mwogope.